Shujaa wa Vita Gani? Kuwaenzi Wapiganaji wa Moshi na Arusha Bila Kuwachanganya

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, simu za vijana wa Moshi na Arusha hujaa picha ile ile: askari aliyeshika bunduki, bendera ya taifa nyuma yake, na maneno ya kuwaenzi waliojitoa kwa ajili yetu. Mwulize aliyeituma anawakusudia mashujaa wa vita gani. Mmoja atasema Kagera, vita vya kumpiga Idi Amin wa Uganda. Mwingine atasema wapigania uhuru. Wa tatu atakumbuka kwamba babu wa mama yake alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, alipelekwa Burma akarudi na koti zito la jeshi, ila hajui huko alipigana na nani. Kijana wa Old Moshi atamtaja Mangi Meli, chifu aliyepigana na Wajerumani. Wote wana haki ya kusema hivyo, na ugumu unaanzia hapo hapo. Watu hawa hawakupigana vita vimoja, hawakusimama chini ya bendera moja, na baadhi yao wangekutana porini wangepigana risasi.

Sherehe ya kitaifa haiwatenganishi, wala haikukusudiwa kufanya hivyo. Buruji hupigwa, watu husimama kimya, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, na wengine hufuata na shada la maua, upinde na mishale, shoka. Ukizitazama silaha hizo, hakuna hata moja iliyompiga Idi Amin. Buruji nayo ni desturi tuliyoirithi kwa jeshi la Mwingereza. Kwa hiyo pale uwanjani mkuki wa babu aliyepigana na mkoloni na tarumbeta ya mkoloni mwenyewe vinakutana, mbele ya makamanda wa leo, na dua inasomwa kwa ajili ya wote. Kwa taifa hiyo ni busara. Kwa mjukuu haitoshi. Kila heshima yenye uzito, iwe pensheni, kaburi linalotunzwa, jina juu ya jiwe au hata msaada wa chakula, inategemea mzee alipigana vita gani, aliitwa na nani, na kama jina lake liliandikwa mahali.

Hilo la jina ndilo litakaloturudia tena na tena hapa, kwa sababu mikoa hii miwili imepitia karibu kila aina ya vita vilivyoigusa nchi yetu.

Waliopigana na Mjerumani, na waliompigania

Mwaka 1892 wapiganaji wa Mangi Meli wa Moshi, ile tunayoiita leo Old Moshi, walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda Meli. Machi 2, 1900 alinyongwa pamoja na wenzake 18, wakiwemo Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na viongozi kutoka Meru na Arusha. Tarehe hiyo, basi, ni ya Arusha pia, ingawa sijaona vijana wa Arusha wakiidai.

Mabaki ya baadhi ya waliouawa enzi zile yalisafirishwa Ujerumani kwa ajili ya kile walichokiita utafiti. Familia za huku ziliyadai kwa miaka mingi. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelinganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai, na moja likatajwa kwa jina: fuvu la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Katika matokeo yale la Meli mwenyewe halikuwemo. Lakini angalia kilichowezesha hata hilo moja. Maabara peke yake isingefika popote kama koo za Kilimanjaro zisingekuwa zimehifadhi nani ni mtoto wa nani, kizazi kwa kizazi, kiasi cha kumjua mtu wa kumchukua mate leo ili kumpata aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Upande wa pili wa habari hiyo ndio unaokwepwa. Maofisa waliomshinda Meli walikuwa Wajerumani wachache; waliobeba bunduki nyingi walikuwa Waafrika, wengi wao Wasudani, na baadaye makabila ya bara kama Wanyamwezi na Wasukuma. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, vijana wa mlimani nao walikuwa wameshaingia kwenye jeshi hilo hilo, au walisombwa kubeba mizigo yake. Kuna familia hapa ambazo upande wa baba zina mtu aliyeadhibiwa na Mjerumani na upande wa mama zina mtu aliyevaa sare ya Mjerumani. Mjukuu wao ni mmoja. Atafanyaje?

Mimi nadhani anaweza kuwaenzi wote wawili bila kusema uongo, ila kwa namna mbili. Kwa Meli na wenzake tunaenzi sababu waliyoifia pamoja na wao wenyewe. Kwa askari wa mkoloni na mpagazi wake tunaenzi mtu na mzigo alioubeba, basi. Hatulazimiki kusifia vita vya mwenye nyumba ili tumlilie mtumishi aliyefia humo. Na kama familia ya Old Moshi itasema kwamba kwao askari wa Mjerumani si wa kuwekewa shada, nayo isikilizwe. Ndiyo iliyokatwa vichwa.

Vita vya 1914 vilipita mlangoni

Watu wengi huvichukulia vita hivi kama habari za Ulaya. Vilipiganwa hapa. Moshi ilikuwa mwisho wa reli kutoka Tanga, na ndiyo sababu kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka nguvu zake huku. Novemba 3, 1914 Waingereza walijaribu kuuteka mlima Longido wakarudishwa nyuma. Machi 1916, chini ya Jenerali Smuts kutoka Afrika Kusini, walivunja ngome ya vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, wakaingia Moshi katikati ya mwezi, Arusha ikafuata, na wakapigana tena Kahe kabla Wajerumani hawajarudi nyuma kuifuata reli. Hata ile njia ya reli ya Voi hadi Kahe kupitia Taveta ilijengwa kwa haraka ya vita hivyo. Wanafunzi wanaopita Kahe kila siku wanapita juu ya kumbukumbu ya vita wasiyoambiwa.

Aliyelipa zaidi katika vita hivyo hakuwa askari. Ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo, magari yalizama matopeni, mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu za wapagazi walioandikishwa hukaribia milioni moja, na waliokufa walioingia kwenye hesabu ni kama 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na baridi kuliko kwa risasi. Nasema walioingia kwenye hesabu kwa makusudi. Mpagazi aliyekaa chini ya mti akashindwa kuinuka hakuwa na karani wa kumwandika.

Mwaka 1927 Dar es Salaam ikapata sanamu ya askari, ile iliyopo hadi leo katikati ya jiji. Maandishi yake ya Kiswahili yanawataja askari na wapagazi, na yanaahidi kwamba wanaopigania nchi yao hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Ukizunguka sanamu nzima hutakuta jina hata moja. Kwa muda mrefu watu waliliona hilo kama bahati mbaya ya historia. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu yake yenyewe na kukiri kwamba ulikuwa uamuzi: baada ya vita, maofisa waliona Waafrika hawahitaji kaburi lenye jina, mnara mmoja wa jumla unatosha, na makaburi yao yakaachwa yaote nyasi. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Upande wa Mjerumani kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee waliokuwa wanadai mishahara yao tangu vita viishe. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Wazee kama 350 walikuja, wachache mno wakiwa na cheti. Inasemekana mlipaji alimpa kila mmoja ufagio aushike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna mzee aliyekosea. Kisa kinachekesha na vijana hukipenda. Ila kiangalie tena: mtu alingoja karibu miaka 50, akadai haki yake kwa kucheza gwaride na ufagio mbele ya mgeni, kwa sababu karatasi haikuwepo.

Keya, na makaburi ya Tengeru

Vita Kuu ya Pili nitavipita kwa haraka kidogo, kwa kuwa wenyewe karibu wote wameshatangulia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 leo amevuka 100. Watanganyika wapatao 87,000 walitumika. Walipigana Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na wengine wakawa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw huko Burma na kufika mto Chindwin mwishoni mwa 1944, wakiwasukuma Wajapani. Wapo waliojiunga kwa hiari, wapo waliotajwa na mangi wao kwa sababu kila eneo lilitakiwa kutoa watu. Walipoachishwa, kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi: nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba mzungu wa cheo kile kile alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika.

Ukitaka kuona tofauti ya kuandikwa na kutoandikwa, usiende mbali, panda daladala ya Tengeru. Tangu 1942 kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto ambao Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia. Waliofia hapo wamezikwa ndani ya eneo la chuo cha mifugo, makaburi karibu 150, yana uzio, misalaba na majina, na nchi yao inayatunza mpaka leo. Sina kinyongo nao hata kidogo. Walipata taabu na wanastahili. Ninachosema ni kwamba kijana wa Kimeru anaweza kusoma jina la bibi wa Kipolandi aliyefia Tengeru wakati wa vita vile, na asipate popote penye jina la babu yake aliyetoka Tengeru kwenda kwenye vita hivyo hivyo.

Hapa kuna fundo la kufunguliwa, maana familia nyingi hupotezewa muda nalo. Kuna chombo kinachoitwa Royal Commonwealth Ex-Services League, kilichoanzishwa mwaka 1921, ambacho husaidia waliokuwa askari wa Mwingereza kabla ya uhuru. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 ili wazee hao walio maskini wapate milo miwili kwa siku. Msaada huo humfuata mkongwe mwenyewe au mjane wake. Haurithiwi na wajukuu. Na haumhusu kabisa mzee wa Kagera, kwa sababu yeye alipigana chini ya bendera ya Tanzania, mwajiri wake ni jamhuri. Kwa hiyo akija mtu kijijini na daftari, akidai ada ya fomu ili watoto wa keya na wa Kagera waingizwe kwenye orodha moja ya kulipwa na Malkia, mfungulieni geti atoke. Malkia mwenyewe alifariki mwaka 2022.

Kagera, ambako wahusika bado wapo

Hapa ndipo pa kukaa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, yakabomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo lile ni la Uganda. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine wa Monduli. Jeshi likafura hadi watu zaidi ya 100,000 kwa kuchanganya JWTZ (jeshi la ulinzi), JKT (vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa), polisi, magereza na mgambo waliotolewa vijijini na viwandani. Februari 1979 wakaichukua Masaka, Machi wakapigana Lukaya, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Vita vikaisha Juni 3 baada ya kufika mpaka wa Sudan. Baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi 1981.

Katikati ya hayo, Machi 24 hadi 26, mji wa Moshi ulipokea vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni, wakakubaliana kuunda umoja uliochukua madaraka Kampala wiki chache baadaye, Yusuf Lule akiwa mwenyekiti. Vitabu vya Uganda vinauita Mkutano wa Moshi. Ukiwauliza vijana kumi stendi ya Moshi kama wameusikia, nadhani tisa watadhani unazungumzia mkutano wa injili.

Hesabu rasmi ya wakati ule ilitaja askari wetu 373 waliokufa, na raia wa Kagera waliouawa hukadiriwa kufika 1,500. Wanajeshi wengi wamezikwa kwenye makaburi ya Kaboya, wilaya ya Muleba. Kwa Mchaga hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Mtu wetu akifia Dar es Salaam, Mbeya au ng'ambo, ukoo unachangishana mpaka mwili ufike kihambani, shamba la nyumbani, ulale kati ya migomba na waliotangulia. Familia ambayo kijana wake yuko Kaboya ina nafasi kihambani isiyojazwa. Wazazi wengi walikufa bila kuliona kaburi. Vijana wanaotafuta la kufanya wangeweza kuanza na safari hiyo: kwenda Muleba kwa niaba ya ukoo, kulitafuta jina, kulipiga picha na kurudi nayo.

Sasa, hata ndani ya Kagera wapiganaji si wa aina moja. Aliyekuwa askari wa kudumu na akastaafu kwa masharti ya jeshi ana namba yake, ana faili, ana pensheni. Mgambo aliitwa kwa dharura. Vita vilipokwisha alishukuriwa akarudi kwenye jembe. Polisi na askari magereza wana mwajiri mwingine na faili lao liko kwingine. Wote watatu wanaweza kuwa walilala kwenye handaki moja pale Lukaya. Kijana anaposikia babu wa jirani ana pensheni na wake hana, hukimbilia kusema serikali imemdhulumu babu. Inawezekana, lakini swali la kwanza ni babu aliingiaje: kwa kuajiriwa, kwa JKT, au kwa mgambo? Jibu hilo ndilo linaloonyesha mlango wa kubisha, na bila hilo mtazungushwa ofisi hadi ofisi.

Wapo pia ambao hawakwenda na bado walilipa. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakwambia kama mikanda ilifunguliwa: foleni za sukari, sabuni ya kukatiwa vipande, kitambaa cha kupangiwa. Huo nao ni mchango wa vita, ingawa hauna gwaride.

Usidhani tena kwamba kila mkongwe wa vita ana mvi. Julai 2013 askari wetu saba wa kulinda amani waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, katika shambulio la usiku. Wenzao waliorudi wakiwa na majeraha ni watu wa umri wa kati, wengine tunapanda nao daladala, na wajane wa waliokufa bado wanasomesha watoto. Picha ya askari mzee inatufanya tuwapite bila kuwaona.

Kuuliza bila kumfunga mzee mdomo

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika mtaala mpya limewapa wanafunzi sababu ya kwenda kwa wazee. Jioni moja Uru nilikaa karibu na binti wa sekondari aliyetumwa na mwalimu kumhoji babu yake, mgambo wa zamani. Alifungua daftari, akawasha kurekodi kwenye simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama."

"Babu, kule Kagera uliua wangapi?"

Mzee akanyamaza, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe, na hakurudi kwa muda. Binti akaona kazi yake imeharibika. Babu aliporudi, shangazi wa binti, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Baba, hivi vile viatu mlipimiwa wapi?" Mzee akacheka. Hawakupimiwa. Cha kulia kilikuwa saba, cha kushoto tisa, akabadilishana na mtu wa Singida njiani. Kutoka viatu akaingia kwenye mvua za masika, kwenye kutembea kwa miguu kutoka Mtukula siku baada ya siku, kwenye migomba ya Masaka iliyomfanya aamke asubuhi akidhani yuko Uru, na kwenye yule mtu wa Singida, ambaye alimtaja jina lake kamili na kijiji chake. Mwanafunzi aliandika kurasa nne. Hakuuliza tena habari za kuua, na mzee hakuzisema.

Kuna wazee ambao hawatasema chochote, na huo ni uamuzi wao. Mtu aliyeona mambo yale ana haki ya kufa nayo. Anayekubali kusema, mwulize vitu vyenye ncha: kikosi, kombania, jina la kamanda, mahali mlipokusanyika, nani alikuwa pembeni yako. Jina la mwenzake lina thamani pengine kuliko la kwake, maana la kwake mnalo, ila kule Singida huenda kuna familia isiyojua kwamba mtu wao alionekana hai Masaka.

Miaka isikusumbue sana. Wazee wengi hawakumbuki tarehe lakini wanakumbuka mambo. Kwa Mwarusha au Mmasai mwulize rika: ukishajua kama wakati ule morani walikuwa Seuri au Makaa, umeshapata muongo. Kwa Mchaga, vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia na usharika vinasaidia mno, kwani mtu atakwambia "nilirudi mtoto wetu wa tatu akiwa hajabatizwa," na tarehe ya ubatizo ipo kwa karani. Vyeti, barua na nishani vipigeni picha pande zote mbili, kisha viacheni mikononi mwa mwenyewe. Nimesikia vijana wakipendekeza nishani ya babu iuzwe mtandaoni kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Ikishatoka nyumbani, jina la babu linabaki bila ushahidi, na tumeshaona mwisho wa askari asiye na ushahidi.

Wakati mzuri ni Desemba, ukoo mzima unapopanda nyumbani na kila mwenye kipande cha habari yuko chini ya paa moja. Hapo ndipo baba mdogo wa Dodoma atasahihisha alichosema baba mkubwa, na mtabishana mpaka ukweli ukae sawa. Mkishakubaliana, andikeni nakala mbili au tatu, moja ikae kihambani. Na kama kuna jiwe la kaburi linalotakiwa kutengenezwa, mwambieni fundi aongeze mstari chini ya tarehe: kikosi, vita, mwaka. Makaburi mengi ya wazee wetu wa Kagera yanasema walizaliwa lini na walifariki lini, basi, utadhani katikati walikuwa wamelala.

Kosa moja naliona likirudiwa hata na wanaofanya kazi hii vizuri. Wanamaliza kwa babu, wanafunga daftari, na bibi yuko jikoni. Yeye ndiye aliyebaki na watoto na shamba tangu mume aondoke hadi aliporudi, aliyesomewa barua, aliyeona magari yakipita, aliyejua nyumba ipi ililetewa habari mbaya na siku gani. Mara nyingi tarehe za babu anazo yeye. Mkalisheni naye, mwulizeni kahawa ya msimu wa 1979 ilichumwa na nani, hela yake ilipokelewa na nani, na mwandike jina lake kamili kabla hamjaanza.